ALIENDA KUNYWA MAJI!!! Na leo asubuhi wamemuongezea miaka miwili

Kisahani Cheusi (mleta uzi)
Wakuu habari za asubuhi, mi yangu imeshaharibika tangu jana usiku kwaiyo msinijibu nzuri.

Sitamtaja. Mnamjua. Babu yetu wa nyuma, yule beki mzee wa timu yetu ya hoki ya barafu, namba yake hata watoto wenu wanaijua.

Jana tumetoka sare tukaingia muda wa nyongeza, watatu kwa watatu, dakika 5, atakayefunga kwanza kaondoka nayo. Vijana wetu wawili wapo mbele kule kwenye kona wanang'ang'ania paki, kile kisahani cha kufungia magoli, ikawaponyoka, winga wao kaichomoa anakuja nayo mwenyewe, dogo wa juzi hata ndevu hana. Nyuma kabaki nani? Babu. Yuko katikati ya barafu, mtu mmoja tu kati ya yule dogo na kipa wetu. Nikasimama juu ya kochi. Nkasema haya sasa, huu ndo uzoefu tunaoulipia.

AKAGEUKA AKAENDA KUKAA.

Yaani dogo anampita ubavuni, mabega yamebaki inchi mbili kugusana, na ye ananyanyua mguu kuvuka ukuta wa benchi taratiiibu kama mtu anashuka daladala kituoni kwake na hataki kuchafua suruali. Hoki mnabadilishana bila mchezo kusimama, ila aliyetakiwa kuingia badala yake bado anafunga mkanda wa helmeti, hajui hili wala lile. Na mnajua kwenye nyongeza timu zinabadilishana upande, benchi letu linakuwa mbali na kipa wetu, kwaiyo hata angeingia Mungu wa mbio asingefika.

Sasa kuna kamera ya pili, ile ya nyuma ya benchi. Nimeirudia mara 11. Paki haijaingia bado, nasema BADO, babu kashashika chupa, kainamisha kichwa nyuma, anajimiminia maji. Goli linaingia ye anameza. Nimeona koo linapanda linashuka. Kisha akajifuta mdomo kwa glovu.

Zamu yake ilikuwa ya sekunde 22. Wenzake wanakaa uwanjani 45, wengine dakika nzima mapafu yanatoka puani. Ye 22 koo limekauka.

Nkalala na hasira. Naamka simu inalia ting, nafungua: klabu ina furaha kuwatangazia. Miaka miwili mingine!!! Na kipengele kwamba hahamishwi mpaka aridhie mwenyewe!!! Afu meneja mkuu anakaa mbele ya maiki anasema kijana wetu (KIJANA) analeta uongozi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sawa, basi aongoze chumba, abaki huko huko chumbani, maji yapo.

Kepu, kile kikomo cha mishahara ya timu nzima, msimu wa 2025-26 waliipandisha mpaka dola milioni 95.5 kutoka 88, timu zote zinashangilia zimepata nafasi ya kupumua, sisi nafasi yetu tumemnunulia mtu chupa.

Alienda kukaa wakuu. Nyuma alikuwa peke yake. Akaenda kukaa.

Shemeji wa Duluth
Nimekaa paleee na popkoni zangu

binti_mwanaspoti
Mkuu pole, ila swali moja, ulisimama juu ya kochi na viatu?

Kisahani Cheusi (mleta uzi)
@binti_mwanaspoti soksi. Na hilo siyo suala.

binti_mwanaspoti
Kwa mkeo ni suala

Mangi Kwenye Baridi
Mleta uzi punguza povu. Umri ni namba tu. Lidstrom alichukua Norris, tuzo ya beki bora wa ligi nzima, akiwa na miaka 41, ile 2011. Chelios, beki pia, kacheza mpaka 48. Chara kastaafu 2022 ana 45 na bado vijana wanamkwepa kwenye kona. We unamtukana mzee kwa tukio moja.

Kisahani Cheusi (mleta uzi)
Sawa, niletee video ya Lidstrom anakunywa maji wakati mtu anaenda kufunga. Nasubiri. Hata ya Chelios akiwa na 48, hata akiwa na magongo, nakubali.

Mangi Kwenye Baridi
Labda alikuwa na kiu

Shemeji wa Duluth
😂😂😂 "labda alikuwa na kiu" nimefungua kioo cha gari nipate hewa

Kalamu Nyekundu
Ngoja niongee kidogo kwa wanaofuatilia kwa akili maana huu uzi ni kelele tupu. Tatizo siyo maji. Tatizo ni kwamba uongozi umekataa kuamua kama tunajenga upya au tunagombea kombe, kwaiyo kila mwaka tunafanya nusu nusu. Beki wakishafika huko 34, 35, miguu ndo inaanza kuondoka, na hoki ya siku hizi ni mbio. Na mtu ukimsainisha mkataba wa miaka mingi akiwa ameshatimiza 35, kuna masharti ambayo hata akistaafu kesho hela yake inaweza kubaki kwenye kepu yako. Kumhamisha huwezi, kipengele kinamlinda. Ukivunja mkataba kwa kumlipa ndo unasambaza deni mara mbili ya miaka iliyobaki.

Waulizeni timu ya Minnesota. Tarehe 4 Julai 2012 wakasainisha wachezaji wawili kwa mpigo, Parise na Suter, miaka 13 kila mmoja, dola milioni 98 kila mmoja. Mwaka 2021 wakavunja mikataba yote miwili. Msimu wa 2023-24 kepu ilikuwa milioni 83.5, na zaidi ya milioni 14 ilikuwa imekaliwa na watu hao wawili wasiokuwepo, 2024-25 hivyo hivyo. Chenji chenji za ile hesabu zinaendelea mpaka 2028-29. Huyo Suter alikuwa beki, na alipovunjiwa mkataba alikuwa na 36.

Shemeji wa Duluth
@Kalamu Nyekundu usinikumbushe, mi ndo niko huku huku Minnesota. Miaka ile tulikuwa kama mtu analipa kodi ya nyumba aliyohama, afu analala kwenye nyumba mpya bila godoro. Na kuna rafiki yangu bado anavaa jezi ya Suter kanisani mpaka leo.

Kisahani Cheusi (mleta uzi)
Kalamu asante kwa darasa ila unasema tatizo siyo maji. Tatizo NI maji. Hela ningesamehe. Uzee ningesamehe, hata mi goti langu la kulia likibadilika hali ya hewa linanijulisha kabla ya redio. Angeanguka ningesema mzee kaanguka. Angepigwa chenga ningesema dogo mkali. Lakini KUCHAGUA kwenda kukaa??

Mjomba Toka Mbezi
Mi naangalia kutokea Dar, naamka saa 9 usiku, mke anajua naswali tahajudi kumbe naangalia wazungu wanateleza. Jana mechi inafika nyongeza alfajiri inaingia, nimekaa na kikombe cha chai, babu anageuka benchi, nikapiga yowe mtoto kaamka, mama mkwe kaamka, jirani kauliza kuna msiba? Sasa nyumba nzima inajua sikuwa naswali.

binti_mwanaspoti
Sasa wewe ndo mwenye malalamiko halisi humu ndani

otieno_slapshoti
Buda hiyo kitu nimeiona. Wueh. Hata huku Nairobi pale hoteli ya Panari uwanja wetu wa barafu ni mdogo, benchi na goli ni hatua mbili tatu, na bado hakuna mtu anaeza toka hivo. Ice Lions, timu yetu ya Kenya, walienda Canada 2018 wakacheza na mastaa Crosby na MacKinnon, waulize kama kuna mtu aliacha kazi akaenda kutafuta maji. Coach angekushukisha kwa escalator na skates zako.

Mangi Kwenye Baridi
Kenya kila uzi lazima mtaje Panari

otieno_slapshoti
Si mjenge yenu pia tuitaje

Mangi Kwenye Baridi
Sisi barafu yetu iko juu ya Kilimanjaro

otieno_slapshoti
Na hiyo pia inaisha bana. Hamjasaini kijana yeyote

Shemeji wa Duluth
😭😭😭 mods fungeni uzi, umeshapata mshindi

Kalamu Nyekundu
Turudi kwenye mada. Kuna njia, angalieni Chicago. Kombe 2010, 2013, 2015, mabeki wao wawili wakubwa Keith na Seabrook. Ile 2015 wakampa Seabrook miaka 8, milioni 55. Mwili ukagoma, mechi yake ya mwisho ni Desemba 2019 na mkataba bado unadai mpaka 2024. Majira ya joto ya 2021 mkataba wake wakaupeleka Tampa, Keith akaenda Edmonton. Wakakubali kuwa wabovu waziwazi, 2023 wakapata nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana wapya wakamchukua Bedard, dogo aliyekuwa anagombewa na wote. Inauma, ila angalau unajua unaumia kwa ajili gani.

JirosMtaaWaPili
Siyo rahisi hivyo mkuu. 2023 mkiani kabisa alikuwa Anaheim, Chicago wa tatu toka chini. Bahati nasibu ya kugawa nafasi ya kwanza ikampa Chicago. Unaweza kujidhalilisha mechi 82 na zawadi akapewa jirani.

Kisahani Cheusi (mleta uzi)
Sisi tunajidhalilisha mechi 82 na hatushiki hata mkia, tunashika katikati. Katikati hakuna kombe wala Bedard. Kuna maji tu.

Ndugu wa Uvira
Weye unalilia mtu moja tu? Siye huku Montréal tulishaliaka mpaka machozi ikaisha. Kombe ya mwisho 1993! Mtoto wangu wa kwanza alikuwa hajazaliwa, leo iko na mvi.

JirosMtaaWaPili
Toronto 1967. Kaa chini ndugu.

Ndugu wa Uvira
Toronto haiko timu, iko ugonjwa. Usichanganye.

Mangi Kwenye Baridi
Bado nasema mnamuonea mzee. Mtu kavuja jasho zaidi ya misimu 15 kwenye klabu moja, meno hana, pua imevunjwa sijui mara ngapi, leo kwa funda moja la maji mnamfanya mwizi. Nyie mkiwa kazini hamuendi kunywa maji?

Kisahani Cheusi (mleta uzi)
Mi ni dereva wa folklifti Mangi. Nikiwa nimenyanyua pallet ya kilo 900 juu ya kichwa cha mwenzangu SIENDI KUNYWA MAJI.

binti_mwanaspoti
Hapo nimeelewa, sikuwa naelewa hoki ila folklifti nimeelewa

Fundi Seremala Columbus
Samahani mnaongelea nini, mi nimeona neno "aliongezewa miaka miwili" nikajua ni mwenyekiti wetu wa jumuiya

JirosMtaaWaPili
Hahaha fafanua

Fundi Seremala Columbus
Tuna mwenyekiti huku, sitamtaja, wanaomjua wanamjua. Mwaka wa tisa huu. Kila uchaguzi anasema nimechoka naomba mniache nipumzike, afu anajipigia makofi anaendelea. Jumamosi tulikuwa na kikao, mama mmoja akanyanyuka akauliza zile dola za michango ya msiba wa mwezi wa tatu ziko wapi. Ukumbi kimyaaa. Mwenyekiti akachukua chupa ya maji, akafungua kifuniko, akanywa. Yote. Akakunja ile chupa kraa kraa kraa. Akasema tuendelee na ajenda inayofuata.

Shemeji wa Duluth
HAPANAAA 😂😂😂 maji tena

Mjomba Toka Mbezi
Hawa watu wamefundishwa shule moja

otieno_slapshoti
Leadership kwa chumba

binti_mwanaspoti
Sasa yule mama alijibiwa au?

Fundi Seremala Columbus
Aliambiwa aandike barua. Ajenda iliyofuata ilikuwa mbuzi wa sikukuu. Tulichanga dola 40 kila familia, tulikuwa familia kama 60, nyama iliyofika inatosha sinia tatu. Mimi na wanangu wanne tumepata mfupa na pilipili.

JirosMtaaWaPili
40 mara 60 ni 2,400. Mbuzi huko kwenu bei gani?

Fundi Seremala Columbus
Shambani ukienda mwenyewe mkubwa hazidi 350, tena wanakuchinjia hapo hapo

Kalamu Nyekundu
Basi mngepata sita na chenji ya mchele. Nani alikuwa mweka hazina?

Fundi Seremala Columbus
Shemeji yake mwenyekiti

Ndugu wa Uvira
Eeeh. Apo sasa.

Mangi Kwenye Baridi
Huyo mwenyekiti hapana, huyo simtetei

Kisahani Cheusi (mleta uzi)
Ngoja ngoja, familia 60 sinia tatu?? Na ilikuwa mbuzi kweli au walichanganya na kondoo? Maana kondoo wa huku akipikwa unamsikia harufu toka parking

Fundi Seremala Columbus
Mi nilipata mfupa mkuu, mfupa hausemi

Kisahani Cheusi (mleta uzi)
Muda wake unaisha lini huyo?

Fundi Seremala Columbus
Uliisha mwezi wa sita. Akaongezewa miwili.