Mjadala: Timu za kanda kwenye ubingwa wa Kerry, zibaki au ziondolewe?

Mleta mada (Killarney)

Wakuu, salaam. Kila ikifika Septemba suala hili linarudi huku kaunti ya Kerry, na kwa kuwa Waswahili tunaoishi Ayalandi tumeanza kuwa na watoto kwenye vilabu vya mpira wa Kigaeli, naomba tulijadili kwa lugha yetu. Naomba hoja, tusishambuliane.

Kwa asiyefuatilia: wanacheza watu 15 kila upande, mpira unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu au kwa ngumi. Ukiingia wavuni ni goli, yaani pointi 3. Ukipita juu ya mwamba, katikati ya nguzo, ni pointi 1, na tangu 2025 ukiupiga kutoka nje ya tao la mita 40 unapata 2. Hakuna mshahara. Mtu anachezea klabu ya parokia alikokulia, na wengi hawaihami hadi wanastaafu. Kila kaunti ina ubingwa wake wa vilabu vya daraja la kwanza, na bingwa anaendelea ngazi ya jimbo, kisha Ayalandi nzima.

Kerry ina utaratibu wake. Vilabu vya daraja la kwanza ni 8 tu. Vilivyobaki vyote viko daraja la kati na daraja la chini, na wachezaji wao bora hukusanywa katika timu za kanda: East Kerry, Mid Kerry, South Kerry, West Kerry, Feale Rangers, Shannon Rangers, St Kieran's na St Brendan's. Vilabu 8 na kanda 8 wanagombea kombe moja, la Bishop Moynihan.

Ugomvi umetoka wapi? East Kerry wamelichukua kombe hilo 2019, 2020, 2022 na 2023. Fainali za 2020, 2022 na 2023 zote walicheza na Mid Kerry, kanda kwa kanda, hakuna klabu hata moja uwanjani. Ndipo watu wakasema hapana, huu ni ubingwa wa vilabu au wa nani?

Msimamo wangu nauweka wazi: kanda zibaki. Kerry imechukua ubingwa wa Ayalandi mara 39, idadi ambayo hakuna kaunti nyingine iliyoifikia, na sehemu kubwa ya wachezaji wake wametoka parokia ambazo peke yao zisingefika daraja la kwanza. Declan O'Sullivan alitoka Dromid, huko milimani kusini, klabu ndogo sana. Mick O'Connell alitoka kisiwa cha Valentia enzi ambazo daraja la kwenda bara halijajengwa, alikuwa akivuka kwa mashua kwenda mazoezini, na 1959 akawa nahodha wa Kerry. David Clifford mwenyewe, ambaye wengi wanamhesabu mchezaji bora wa zama hizi, ni wa Fossa, klabu iliyokuwa daraja la chini hadi 2022. Bila kanda, kijana kama huyo angeikosa fainali ya Oktoba kwenye uwanja wa Austin Stack Park, pale Tralee, mbele ya kaunti nzima.

Ninalokubali ni kwamba mizani imeharibika. Dawa yake ni kuongeza vilabu vya daraja la kwanza kutoka 8 hadi 12. Vilabu vinne vyenye nguvu vikipanda, vinaondoka na wachezaji wao, na kanda inabaki na kazi iliyoundiwa: kumpa nafasi mtoto wa parokia ndogo. Leo kanda inachota hadi kwenye vilabu ambavyo kaunti nyingine vingekuwa daraja la kwanza bila ubishi. Karibuni.

Mwana Tralee

Mkuu, umeeleza vizuri lakini umemkwepa anayeumia. Mimi watoto wangu wawili wako klabu ya mjini hapa. Klabu maana yake ni mtu anayefungua geti Jumamosi asubuhi, anayefua jezi za watoto wa chini ya miaka 10, anayeuza tiketi za bahati nasibu ili taa za uwanja zilipwe. Inalea kikosi chake miaka 15. Halafu inakwenda kukutana na timu iliyochagua wachezaji bora wa parokia saba au nane, isiyo na uwanja, isiyo na timu ya watoto, inayokutana wiki chache kwa mwaka.

Na bingwa huyo hata hawezi kwenda mbele! Kanuni hairuhusu timu ya kanda kucheza ubingwa wa jimbo la Munster. Mwaka 2022 East Kerry walibeba kombe, lakini walioiwakilisha Kerry ni Kerins O'Rahillys wa hapa Tralee, kwa sababu ndio walioshinda mashindano ya vilabu 8 peke yao. Wakaenda wakachukua Munster. Sasa niambie, bingwa wa Kerry mwaka ule alikuwa nani? Aliyebaki nyumbani, au aliyerudi na kombe la jimbo?

Kanda ziwe na kombe lao. Hakuna atakayezuiwa kucheza.

Mleta mada (Killarney)

Ndugu yangu, hoja ya geti na jezi naipokea kwa heshima zote, maana bila watu hao hakuna mchezo. Lakini angalia kombe la kanda peke yake litakuwa nini. Litakuwa mechi za kirafiki. Kijana wa Dromid au Valentia hapimwi kwa kucheza na kanda nyingine, anapimwa anapokabana na beki wa Dr Crokes, klabu ya hapa Killarney, aliyekwishacheza fainali ya Ayalandi Croke Park, ule uwanja mkuu wa Dublin.

Kuhusu Munster uko sahihi kabisa, na mimi pia naona ni kasoro. Ila kasoro ya upande wa pili ungeitatua vipi? Ukifuta kanda, vilabu 8 vitacheza mashindano mawili yaleyale mwaka mmoja.

Mama Aisha, Limerick

Habari zenu kaka zangu. Mimi naomba tumfikirie mchezaji mwenyewe, mwili wake. Tangu 2022 msimu umegawanywa: kaunti zinacheza kwanza, fainali ya Ayalandi inachezwa Julai, kisha ndipo vilabu vinapata wachezaji wao. Sehemu nyingine hiyo imeleta nafuu. Kerry, mtu wa klabu ndogo anaweza kuwa na timu tatu: klabu, kanda na kaunti.

Chukueni Clifford. Julai 2022 anachukua ubingwa wa Ayalandi na Kerry. Vuli ileile anachukua ubingwa wa kaunti na East Kerry. Klabu yake Fossa nayo inashinda daraja la chini la Kerry, inakwenda Munster, inafika fainali ya Ayalandi ya daraja hilo Januari 2023 na kuishinda. Yeye na kaka yake Paudie wote wawili walitolewa nje kwa kadi nyekundu katika fainali hiyo. Sisemi uchovu ndio uliosababisha, lakini nauliza: hawa ni watu wasiolipwa, wana kazi zao Jumatatu asubuhi. Nani anahesabu mechi zao?

Mimi sina tatizo na kanda. Nina tatizo na ratiba.

Msafiri wa Cork

Kaunti ya Cork nako kuna kanda, na hata vyuo vikuu: UCC, chuo kikuu cha Cork, wamewahi kuwa mabingwa wa kaunti kwenye mpira, 1999 na 2011. Kelele zilipanda zaidi upande wa hurling, ule mchezo wa fimbo, pale kanda ya Imokilly ilipochukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2017 hadi 2019. Baada ya hapo walipanga upya. Sasa kanda na vyuo vinachujana vyenyewe kwanza katika mkondo wao, na anayefaulu ndiye anayeingia hatua ya mtoano pamoja na vilabu.

Kerry wangeweza kuiga hilo kesho. Kanda 8 zichujane, zije mbili. Mlango unabaki wazi kwa wa Dromid, na klabu haitajikuta tena imezungukwa.

Mwana Tralee

Hilo la Cork naliunga mkono. Angalau linakiri kwamba klabu ndiyo mwenye nyumba na kanda ni mgeni.

Halafu kuna jambo ambalo mleta mada hakuligusa, na ndilo linalowasha moto vijiweni: unahodha. Kwa desturi ya Kerry, bingwa wa kaunti ndiye anayemteua nahodha wa timu ya kaunti. Angalieni orodha: 2020 David Clifford, 2021 Paul Murphy, 2023 David tena, 2024 Paudie. Wote East Kerry. Kombe hili linaamua nani atasimama jukwaani Croke Park akilinyanyua lile kubwa la Ayalandi. Wanakanda wanasema "ni kombe tu la hapa nyumbani", lakini si kweli.

Mzee wa Dingle

Vijana, nimeishi kwenye rasi hii ya magharibi muda mrefu kuliko wengi wenu, naomba niseme mawili.

La kwanza, hilo la unahodha halikuanza na East Kerry. Páidí Ó Sé, mtu wa Ventry hapa jirani, alikuwa nahodha wa Kerry 1985 walipoifunga Dublin fainali, na alipata nafasi hiyo kwa sababu West Kerry, kanda, ilikuwa bingwa 1984. Declan O'Sullivan alilinyanyua kombe 2007 kwa mgongo wa South Kerry. Wakati ule hakuna aliyesema kanda zifutwe. Kwa hiyo tuseme ukweli: watu hawakerwi na kanda, wanakerwa na kanda moja kushinda mno. Huko East Kerry, Killarney na viunga vyake vinakua, nyumba zinajengwa, shule zinajaa. Njooni kusini au huku kwetu magharibi muone parokia zinazounganisha timu za watoto kwa sababu peke yao hawafiki 15. Timu za kanda kwetu zinahema. Ukiziondoa kwa hasira ya East Kerry, wa kwanza kuumia si East Kerry.

La pili, wanaosema klabu haiwezi kushinda tena: 2024 Dr Crokes walilichukua kombe, na ndiyo maana Gavin White akawa nahodha Kerry ilipoifunga Donegal Julai 2025. Na 2025 Dingle wamelichukua, mara ya kwanza tangu 1948. Miaka 77. Klabu ya mji mdogo wa bandari, vijana waliokua pamoja, baadhi yao ndugu na binamu. Hakuna aliyefuta kanda ili Dingle washinde. Waliwashinda wote waliokuwemo, na ndiyo maana watu wazima walilia.

Mwana Tralee

Hongera zenu mzee, na nasema kwa moyo. Ila kushinda mara moja baada ya miaka 77 hakuthibitishi kwamba mlango ni mpana.

Mama Aisha, Limerick

Ila tusidhani penye vilabu vitupu pana usawa. Dublin hakuna kanda, lakini Kilmacud Crokes wana maelfu ya wanachama, na walichukua ubingwa wa kaunti 2021, 2022 na 2023. Klabu kubwa ya jiji nayo ni kanda, tofauti ni kwamba ina geti moja.

Mleta mada (Killarney)

Mzee wa Dingle, shikamoo, na ahsante. Umenisaidia kuliweka sawa jambo ambalo nilikuwa nalizungukazunguka: kanda si za aina moja. East Kerry ina wachezaji wa ziada. South Kerry inahangaika kupata 15 wazima. Kanuni moja kwa wote haiwezi kuwa ya haki kwa wote.

Nimewahi kusimama kwenye mazoezi ya timu ya kanda jioni ya Agosti. Kila mchezaji amevaa soksi za klabu yake, kwa hiyo unaona rangi sita au saba kwenye mstari mmoja. Wanaume walionyukana Jumapili iliyotangulia, mmoja bado ana plasta juu ya jicho, wanagawiana vizibao vya mazoezi na kuulizana hali za wazazi. Kijana mmoja wa miaka kama 19, wa klabu ya daraja la chini, alikuwa anacheza upande mmoja na mtu mwenye medali ya Ayalandi. Alipokosa pasi, yule mkubwa alimfuata, akamwonyesha kwa mikono mahali pa kusimama, wakarudia mara tatu. Mwana Tralee, klabu ya kijana yule haina mtu wa kumfundisha hilo. Sitaki kumnyang'anya.

Kwa hiyo nabadilisha pendekezo langu kidogo baada ya kuwasikiliza. Vilabu 12 daraja la kwanza, hilo nabaki nalo. Nachukua na la Msafiri wa Cork: kanda zichujane kwanza, lakini zipite nne badala ya mbili, ili South Kerry au West Kerry zisifungiwe nje na East Kerry kila mwaka. Hapo zinakuwa timu 16 kama sasa, ila vilabu ndio wengi. Na Mama Aisha, mchujo huo usiongezwe juu ya ratiba iliyopo. Uchukue nafasi ya mechi za makundi.

Msafiri wa Cork

Nne naweza kukubali. Swali langu ni vilabu vinne vitakavyopanda. Fossa wakipanda, wanaondoka kwenye kanda na wachezaji wao wa kaunti. Je, wenyewe wanataka? Kuna vilabu vinaona raha kubaki daraja la kati, vishinde huko na mpaka Croke Park vifike, kama Rathmore walivyochukua daraja la kati la Ayalandi Januari 2023, kabla hawajacheza daraja la kwanza. Kupanda maana yake kupigwa na Dr Crokes kila mwaka.

Mwana Tralee

Hapo umegusa penyewe. Utaratibu wa sasa unamfaa aliye katikati: klabu yake inashinda daraja la kati, na yeye binafsi anashinda la kwanza akiwa na jezi ya kanda. Anayekosa yote mawili ni klabu ya mji iliyopanda kwa jasho ikabaki huko juu. Mleta mada, pendekezo lako nitalipigia kura nikiwa mjumbe, kwa sharti moja: klabu ikishinda daraja la kati iendelee kupanda, itake isitake, na ikae juu misimu miwili kabla ya kushushwa.

Mleta mada (Killarney)

Misimu miwili nakubali. Sasa nawasubiri wa Listowel na wa Kenmare, maana hawajasema kitu, na Feale Rangers na vilabu vya kusini ndivyo vitakavyoguswa zaidi.