Naomba ushauri: gitaa la umeme la mbambakofi, sauti na uzito

KijanaWaLangoni: Assalaam aleykum wakubwa. Natengeneza gitaa la umeme hapa Amu (Lamu), kiwiliwili nataka kiwe cha mbambakofi, unene inchi moja na robo tatu. Mmoja kaniambia litanivunja bega, mwingine anasema mti mgumu ndio hufanya nyuzi zilie muda mrefu. Nimekwama. Niendelee au nitafute mwembe?

Fundi_Matondoni: Waaleykum salaam. Bega kwanza. Kiwiliwili kina ujazo wa lita 4 hivi, na mbambakofi mkavu ni kama gramu 800 kwa lita. Hizo ni kilo 3 na ushei kabla ya shingo, vyuma na sumaku. Ukimaliza unakaribia kilo 5. Les Paul ya Gibson, gitaa la umeme lililotoka 1952, ni mahogani yenye uso wa maple. Watu huilalamikia uzito, na nyingi ni kilo 4 na kitu tu. Sauti isikukoseshe usingizi. Sumaku na koili husikia uzi wa chuma ukitikisika, hazisikii mbao. Pandisha sumaku karibu na nyuzi, utasikia tofauti kubwa kuliko ya kubadilisha mti.

Bi_Mkomani: Marehemu baba yangu alipiga udi kwenye maharusi. Ule mbao zake nyembamba, na ndani mna uwazi, ndipo mti unaposema. Wanangu siku hizi mnataka umeme tu.

NahodhaMstaafu: Mbambakofi mkavu wa unene huo umeupata wapi?

KijanaWaLangoni: Ni mbao ya zamani, safi, imekauka miaka.

NahodhaMstaafu: Ya zamani ya wapi?

KijanaWaLangoni: Ya jahazi la marehemu babu. Liko mchangani tangu alipofariki, halina mwenyewe. Nimeshapasua. Mimi ni mjukuu wake, na ningeiacha ingeliwa na mchwa.

Bi_Mkomani: Halina mwenyewe vipi, na warithi wako hai? Mirathi igawiwe kwanza, mwanangu.

Fundi_Matondoni: Mbona hukusema tangu mwanzo! Mbao ya jahazi imenyonya chumvi na sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo. Chumvi huvuta unyevu, skrubu zitashika kutu na waya wa koili utakatika. Penye sifa gundi haishiki, wala vanishi.

MtuWaShela: Mimi siamini. Ubavu wa jahazi umejaa matundu ya misumari, hupati shubiri mbili nzima. Huyu anasema mbao safi. Ametunga.

Msomaji_Malindi: Hata mimi nimeshtuka. Aweke picha.

KijanaWaLangoni: Sijatunga. Si ubao wa ubavuni, ni mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ya jahazi. Bolti zake zimeachana, nimekata baina ya bolti na bolti. Upana hautoshi, kwa hiyo nitaunganisha vipande viwili. Nilipopiga randa, maranda ya kwanza yalitoka meusi, yananuka sifa. Nikaendelea mpaka yakatoka mekundu, hayana harufu.

NahodhaMstaafu: Huyu mkuku ameushika kwa mikono yake, mwacheni. Lakini jahazi lililotolewa mkuku halirudi majini tena. Ami zako wanajua?

KijanaWaLangoni: Mmoja anajua kidogo. Wengine wako Mombasa. Lilikuwa halirudi majini hata hivyo.

MtuWaShela: Anajua kidogo ndiyo nini?

Fundi_Matondoni: Tuje kwenye mbao. Usigandishe bado. Weka vipande kivulini penye upepo, vipime uzito kila wiki. Vikiacha kupungua ndipo ufanye kazi. Kisha chimba vyumba ndani, ufunike kwa uso mwembamba wa mwembe. Utapunguza karibu kilo nzima, na nyuzi hazitalia vibaya. Mahali pa gundi piga randa upya siku hiyohiyo, ufute kwa spiriti.

Bi_Mkomani: Na usichimbe hata tundu moja kabla ya kuongea na ami zako.

KijanaWaLangoni: Vyumba nitachimba, ahsante fundi. Ami zangu nitawapigia simu. Lakini mwembe kwa kiwiliwili kizima sitaki, na mkuku sirudishi.