Nimesubiri daktari kwa dakika 47, nikaletewa maputo

Wakuu, naandika nikiwa sijapata usingizi, na hasira niliyonayo haijapoa hata kidogo. Kampuni yenyewe ya tiba kwa simu sina haja ya kuitaja, kwa kuwa hakuna asiyeijua: mabango yake yamezidi nguzo za umeme, wimbo wake unaimbwa hata na kuku, na imebaki kidogo tu ukifungua bomba litoke kwanza tangazo lao, ndipo maji yafuate.

Jana saa sita usiku mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, alishikwa na maumivu makali ya kichwa. Nikampima kwa mashine ya nyumbani, presha ikasoma 198 kwa 112. Nikafungua programu yao, nikalipa shilingi 15,000 kwa simu, nikajibiwa kwamba daktari angepatikana ndani ya dakika tano. Dakika hizo tano zikazaa nyingine mpaka zikafika 47. Ndipo kioo kikabadilika. Mama akajiinua kitandani, nami nikamsogezea simu ili daktari amwone vizuri, kumbe ni maputo ya rangi yanayopaa, na maandishi yasemayo: "Tunakua kwa sababu yako! Asante kwa kutufikisha mikoa yote." Mama akayatazama, akaniuliza, "Mwanangu, daktari ndiye huyo?"

Ndugu zangu, maputo! Mgonjwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, naye anaalikwa kwenye sherehe ya kampuni. Niliwatumia tangu walipokuwa na madaktari wachache, wakati ambapo daktari alimkumbuka mama kwa jina na kumuuliza kama kweli amepunguza chumvi. Sasa wamefika mikoa yote, lakini daktari wa kufika kwenye simu yangu hayupo. Na asubuhi hii, mama akiwa bado amelala, wameniletea ujumbe wa kuniomba nyota tano. Swali lake lile, "Daktari ndiye huyo?", halinitoki masikioni.

Fundi Saa: Pole kwa mama, mkuu, lakini nusu ya hasira hiyo ielekeze kwako mwenyewe. Presha ya 198 kwa 112 pamoja na kichwa kikali si ya kukaa dakika 47 ukitazama kioo. Ni ya kukodi bajaji na kukimbilia hospitali. Hata huyo daktari wa mtandaoni, kama angepokea, angekuambia hivyo hivyo. Mtu mzima unasubirishaje mgonjwa wa namna hiyo?

Mwenye uzi: Nilimpeleka, na kufikia saa nane usiku alikuwa ameshapewa dawa na presha imeanza kushuka. Ila kama wangesema tangu mwanzo kwamba hawana daktari, ningeondoka dakika ile ile. Walisema dakika tano, nikawaamini, kisha wakanipa maputo.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Niliwahi kufanya kazi katika kampuni nyingine ya tiba mtandao, na ninakuelewa. Usiku tulikuwa wawili kwa foleni nzima, tukilipwa kwa idadi ya wagonjwa tuliowahudumia, kwa hiyo aliyekuwa na maelezo marefu alikatizwa. Kila Jumatatu tulioneshwa mchoro wa watu waliojisajili. Mchoro wa waliosubiri mpaka wakakata tamaa sikuwahi kuoneshwa.

Mkazi wa Kigali: Huku Rwanda ukuaji wa namna hiyo tumeuona ulikoishia. Babylon, kampuni ya tiba mtandao iliyoanzishwa London mwaka 2013, iliingia hapa mwaka 2016 kwa jina la Babyl. Nisiwasingizie, huduma ile ilisaidia wengi, kwa sababu hata mwenye simu ya vitufe aliweza kuzungumza na muuguzi bila kusafiri, na waliojisajili wakapita milioni 2. Mwaka 2021 kampuni mama ikaingia katika soko la hisa la New York ikiwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 4. Mwaka 2023 ikaanguka, na huduma ya hapa ikafungwa nayo. Watu wa kujisajili hawakupungua; fedha ndizo zilizokuwa zikitoka kwa kasi kuliko zilivyoingia. Kwa hiyo mtu akinionesha idadi ya waliojisajili, mimi namuuliza ni nani anayelipa mishahara ya madaktari.

Bi Mkubwa wa Tanga: Afadhali wewe mwanangu uliona maputo. Mimi niliagiza dawa za sukari za mume wangu kupitia hao hao, zikafika siku ya nne, na nilipofungua nikakuta ni za mtu mwingine, jina lake na maradhi yake yameandikwa juu ya boksi. Je, taarifa za mume wangu zimesomwa na nani?

Kalamu Nyekundu: Hilo ndilo kosa kubwa katika uzi huu wote. Mama, hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko ya aina hiyo. Lipige picha boksi hilo kabla hujalirudisha.

Mwenye uzi: Poleni kwa hayo, lakini naomba turudi kwenye jambo langu. Mama yangu aliyaona yale maputo akadhani ni daktari.

Fundi Saa: Tumekusikia, mkuu. Mimi ninachotaka kujua ni kama hiyo mashine yako ya presha ni ya kufunga juu ya kiwiko au ya kifundo cha mkono, kwa sababu hizi za kifundo mara nyingi hukosea mkono usipowekwa usawa wa moyo.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Chukueni ya juu ya kiwiko, na mgonjwa akae ametulia dakika tano kabla ya kupimwa, bila kuzungumza.

Bi Mkubwa wa Tanga: Nami naitaka. Kwa hapa Tanga inauzwa wapi?