Naomba ushauri: bibi anasahau, mikono bado inajua ukili

Wadau, bibi amesahau majina ya wajukuu, ila akishika miyaa (majani ya kusukia) anasuka ukili (ukanda unaoshonwa kuwa mkeka) kama zamani, na uso unachangamka. Kumbukumbu ya mikono hukawia kupotea kuliko ya mambo ya jana. Miyaa huloweshwa kwanza. Mikavu hukatika naye hukasirika. Anasuka asubuhi, dakika 20 hivi, redio imezimwa, na asiulizwe "unanikumbuka?"

Shida ni wakati wa magharibi: anataka kwenda "kwao". Taa zinawashwa mapema, chai ya rangi mwisho saa 8 mchana. Mkojo na sukari vimepimwa, viko sawa. Dawa za mafua zinazoleta usingizi zimeachwa, maana huzidisha kuchanganyikiwa.

Je, ukili jioni utamtuliza au utamchosha? Na miyaa ikikosekana, apewe nini?