ILE MATATU YA MOSHI PALE NJIA PANDA YA LIGHTS, MOMBASA, ITATUMALIZA, NA MAKANGA WAKE ASHINDWE NA ALEGEE!!!

Bin_Bombolulu | Ijumaa 17:48

Naandika na hasira, wenye adabu nyingi wazime simu.

Ile gari mwaijua. Sitaji jina, sina haja, hata mtoto wa chekechea Kisauni nzima aijua. Honi yake yasikika Kiembeni, moshi wake waonekana Mtwapa. Ikipita, kunguru hukohoa. Leo imenipata mimi.

Nimetoka Bombolulu saa tisa kasoro na tuktuk, naenda Mji wa Kale kwenye nikaha ya binti wa marehemu ndugu yangu. Mimi ndiye walii. Someni tena hapo: WALII. Bila mimi hakuna ndoa, kuna watu wanakula biriani tu. Kanzu nyeupe mpya, mke wangu ameifukiza udi tangu asubuhi. Nimeketi ndani ya tuktuk kama nimekalia mayai, hata kuegemea siegemei.

Kufika Lights, jamu. Afande yuko katikati ya njia panda, mkono juu, ametusimamisha sisi. Robo saa! Upande wa pili hapiti hata mbuzi, lakini mkono uko juu tu, nikadhani ameuanika. Mara ile gari ikaja upande usio wake, ikapanda ukingo, ikabana ubavuni mwa tuktuk, bomba la moshi sawasawa na uso wangu. Shibiri moja! Afande akaiona. Mkono ukashuka kwa ajili yake peke yake: pita. Dereva akakanyaga mafuta.

Jamani ule haukuwa moshi, lilikuwa blanketi. Nilimsikia dereva wa tuktuk mbele yangu akipiga shahada, kumwona simwoni.

Ulipopungua, makanga yuaning'inia mlangoni anitazama. Angesema "samahani mzee" ningemwachia, wallahi. Akasema hivi:

"Mzee, ushakuwa samaki wa kupaka, bado tui tu!"

BADO TUI TU. Gari zima likacheka. Kuna mama mmoja mwenye kikapu alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Afande naye nimeuona mdomo wake, asikatae.

Nikafika kwenye nikaha. Watu wa upande wa bwana harusi wakanionyesha mlango wa uani, walidhani nimeleta makaa. Shekhe auliza "walii yuko wapi?", nasema ndiye mimi, akanitazama mimi, akatazama mlango, akauliza tena. Nimeozesha mtoto huku napiga chafya nyeusi. Na kichwani nasikia maneno yale yale. Bado tui tu! Mtu wa miaka 61!

Gari ile ilipitishwa ukaguzi na nani? Aliyeipitisha alifumba macho au na yeye alifukizwa? Bado tui tu, jamani. Bado tui.

KahawaTungu | 17:55

Pole sana ami. Nimesikitika mno. Lakini nimemwaga kahawa.

Shangazi_wa_Tudor | 17:58

Astaghfirullahi, huyo kijana hana wazazi? Ila nyinyi wanaume mwaona kanzu nyeupe na tuktuk ni vitu vinavyopatana. Si ungeibeba kwenye mfuko ukavalie msikitini?

Bin_Bombolulu | 18:01

Shangazi, kwa hivyo mwenye makosa ni kanzu?

Fundi_Nozeli | 18:09

Niwaeleze kitaalamu. Moshi mweusi ni dizeli imeingia nyingi ikakosa hewa ya kuiunguza. Ama chujio la hewa limeziba, ama nozeli zimechoka zamwaga badala ya kunyunyiza, ama pampu ya dizeli imefunguliwa makusudi gari ivute. Bluu, hiyo yala oili. Nyeupe isiyokoma, maji yameingia, gasketi ya kichwa imekwenda. Na msisingizie mafuta, dizeli ya vituoni ilipunguzwa salfa tangu 2015. Hiyo ya mzee ni pampu. Nani amenunua nozeli mpya mwaka huu anyoshe mkono?

KahawaTungu | 18:11

Afande wa Lights amenyosha, kutoka saa nane.

Mvita_Kindakindaki | 18:14

😂😂😂 Bado tui tu. Huyo makanga ana kipaji, apelekwe redioni.

Changamwe_Daima | 18:20

Yaani moshi wa matatu moja ndio uzi mzima? Hamna shida nyinyi. Njooni Changamwe mlale siku moja. Trela zimepanga foleni usiku kucha zangoja kuingia bandarini, injini hazizimwi, dereva amelala ndani na kiyoyozi. Tuliambiwa reli mpya ikija 2017 malori yatapungua. Reli imekuja, na malori yamekuja kuiangalia. Mimi huanika shuka nyeupe, nikianua zina mistari pale kwenye kamba kama sare za jela. Mke wangu alifikiri nimefungwa.

Mtu_wa_Bara | 18:24

Wapwani mnalia sana. Nyinyi mna upepo wa bahari, sisi Nairobi tungekuwa nao tungekuwa malaika.

Changamwe_Daima | 18:26

Upepo huo ukifika hapa kwetu hugeuka ukarudi baharini.

Mkaazi_Mikindani | 18:33

Mkitaja moshi tajeni na kijiji chetu cha Owino Uhuru. Pale hakukuwa na kanzu kuchafuka, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri mgongoni mwa nyumba za watu, watoto wakapatikana na madini ya risasi kwenye damu. Mahakama hapa Mombasa ikaamua 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaipindua, mpaka Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Nyinyi mwapigia kelele kanzu.

Bin_Bombolulu | 18:36

Ndugu wa Mikindani, hilo ni kubwa na sibishani nalo, Mungu awape haki yao. Lakini wao hawakuambiwa BADO TUI TU mbele ya watu kumi na nne.

KahawaTungu | 18:37

Kumi na nne? Ile gari? Ami leo umeihurumia. Ishirini na mbili na kuku.

Kijana_wa_Stage | 18:45

Mimi ni makanga, si wa gari hiyo. Niseme ukweli mnitukane. Tajiri mwenye gari ataka hesabu yake jioni, gari ikilala gereji siku mbili za kutengeneza pampu hesabu atoe nani? Mwaka 2004 Waziri Michuki alipoleta mikanda na vidhibiti mwendo, matajiri walilia lakini walinunua wote, sababu gari ilikuwa haitoki bila hivyo. Moshi je? Kanuni za hewa ziko tangu 2014, mimi sijawahi kuona gari limeshushwa abiria kwa moshi. Hushushwa kwa mengine. Mengine hayo mwayajua.

Shangazi_wa_Tudor | 18:48

Umesema kweli mwanangu. Sasa mwambie mwenzako amwombe mzee radhi.

Kijana_wa_Stage | 18:49

Shangazi mimi pia nimecheka, nitamwambiaje.

DadaLikoni | 18:57

Nyinyi wote kimya. Mwafahamu kusimama kungoja feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni, mtoto mgongoni, mfuko wa mchele kichwani, jasho la watu elfu, na mbele yako pikipiki ishirini hazizimwi hata moja? Lori la mkaa pembeni lakohoa. Waniambia kuna njia ya Dongo Kundu ya kuzunguka bila feri. Mimi naenda Mtongwe kwa miguu, Dongo Kundu nizunguke na nini, na punda?

Mvita_Kindakindaki | 19:00

Turudi kwa jambo la maana. Huyo makanga amekosea. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza ndiyo apakwe tui. Ami alikuwa amefukizwa, hajachomwa. Huyo ni samaki wa moshi.

Tamu_ya_Mchele | 19:03

Na kupaka bila ukwaju si kupaka, ni uji wa samaki.

Mvita_Kindakindaki | 19:04

Ndimu.

Tamu_ya_Mchele | 19:04

Ukwaju!

Shangazi_wa_Tudor | 19:06

Ndimu kwenye samaki, ukwaju kwenye tui. Na samaki awe changu, si hao wenu wa barafu. Mmelelewa na nani nyinyi?

Bin_Bombolulu | 19:10

JAMANI. Uzi ni wa moshi. Gari. Lights. Afande. Mkono juu.

Tamu_ya_Mchele | 19:11

Ami kwani wewe wapenda ndimu au ukwaju?

Bin_Bombolulu | 19:15

Ukwaju. Lakini si hoja!

Shangazi_wa_Tudor | 19:19

Kanzu hiyo usiitie maji ya moto, masizi yataganda. Ipige kwanza kavu kavu, ikung'ute, halafu sabuni ya kipande na ndimu, uanike juani. Usianike Changamwe.

Bin_Bombolulu | 19:22

Ahsante shangazi. Mke wangu amekataa kuigusa. Asema aliifukiza udi, amerudishiwa dizeli.

DadaLikoni | 19:31

Hivi kuna mtu yuko ng'ambo ya Likoni saa hii? Feri ngapi zafanya kazi? Nimesimama hapa tangu niandike ule ujumbe.

Mvita_Kindakindaki | 19:34

Mbili. Ya tatu imetoa moshi katikati ya maji ikarudishwa.

Fundi_Nozeli | 19:35

Mweusi au bluu?