Naomba ushauri: sabufa ya chumbani kwa 280,000, chumba kidogo na mwenye nyumba yuko ukuta wa pili

Mpangaji_Sinza
Wakuu, heshima kwenu.

Nina spika mbili za mezani, zile zenye amplifaya yake ndani, koni inchi 4, nazitumia na laptop. Kwa sauti za waimbaji na magitaa sina lalamiko. Tatizo ni gitaa la besi kwenye rhumba: nasikia kidole kikigusa waya, ila uzito wa noti yenyewe haupo. Nataka kuongeza sabufa peke yake, si kuanza upya.

Chumba ni mita 3.6 kwa 3, matofali ya saruji, dari la jipsamu, dirisha la aluminiamu la kusukuma. Ndani kuna kitanda, meza na kabati. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, analala ukuta wa pili. Bajeti ni 280,000, nikijibana sana 300,000. Kariakoo nimezunguka, kila duka natolewa seti nzima na spika zake, taa za rangi rangi, imeandikwa wati 10,000.

Ninunue inchi ngapi? Na nitaungaje wakati spika zangu hazina tundu la kutolea sabufa? Nasikiliza rhumba, taarabu, na amapiano wikiendi. Karibuni wajuzi.

Mziki_Mnene
Inchi 12 mkuu, usiumize kichwa. Boksi la gari, amplifaya ya gari, pawa saplai ya mtumba ya kompyuta, kazi imeisha na chenji inabaki. Mimi ndiyo ninayo, nikifungulia kitasa cha mlango kinacheza chenyewe.

Binti_Tabata
Kitasa kinacheza na bado unajisifu 😂 Mwenzio kasema kuna mama ukuta wa pili.

Fundi_Redio
Mpangaji, tuanze na hizo wati 10,000. Hiyo ni PMPO, namba ya kuuzia tu. Ukifika dukani geuza sabufa, tazama kibandiko pale waya wa umeme unapoingilia. Pameandikwa inakula wati ngapi. Kama inakula 60, haiwezi kukutolea 200, achilia mbali hizo elfu kumi. Inayokuhusu wewe ni RMS, yaani wati za kweli inazoweza kutoa mfululizo, na kwa chumba cha ukubwa huo wati 50 hadi 100 za RMS ni nyingi. Muuzaji akikwambia ongeza hela uchukue yenye wati mara mbili, ujue umeongezewa desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio linaiona ndogo.

Inchi 8 inakutosha, 10 ukiipata kwa bei hiyo sawa. Chini ya hapo, zile za inchi 5 na kidogo zilizofungwa kwenye boksi la plastiki, unanunua kelele. Waya mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi unatoa Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Sabufa ndogo za bei rahisi nyingi zinaanza kuishiwa pumzi kabla hazijafika huko, kisha zinafidia kwa kupandisha Hz 80 hadi 120 ndiyo maana kila wimbo unakuwa "bum bum" ya aina moja. Kwenye rhumba utaichukia ndani ya wiki.

Ugonjwa wenyewe lakini uko kwenye chumba. Sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde. Kwenye urefu wa mita 3.6 kuna mngurumo unaojikusanya karibu na Hz 48, na kwenye upana wa mita 3 karibu na Hz 57. Noti zinazoangukia hapo zitafura, za jirani zitasinyaa. Inchi 12 ya huyo ndugu yetu haitibu hilo, inalizidishia nguvu tu.

Mziki_Mnene
Fundi, mimi sijasoma mambo ya Hz ila watu wakija geto wanauliza mziki huu umenunua wapi.

Fundi_Redio
Sikatai, besi ya kuonea raha unayo. Nakuuliza kitu kimoja: hiyo pawa saplai haijawahi kukuzimikia wimbo ukipamba moto? Amplifaya ya wati 300 za kweli kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 25. Saplai nyingi za kompyuta za mtumba hazifiki huko, zinajikata.

Mziki_Mnene
Inazima. Huwa naizima na kuiwasha tena, inaendelea.

Mpangaji_Sinza
Nashukuru Fundi. Sasa kwenye kuunga? Kuna sabufa mbili nimeziona za mtumba, zote inchi 8. Moja nyuma ina vile vibanio vyekundu na vyeusi vya waya tu, haina hata waya wa umeme, muuzaji anataka 120,000. Nyingine ina waya wa umeme, matundu ya RCA (yale ya duara ya kuingizia sauti) na vitufe viwili vya kuzungusha, anataka 260,000.

Luthuli_Sound
Boss, hiyo ya kwanza achana nayo kabisa. Hiyo imetolewa kwa home theatre, haina amplifaya yake. Huku Luthuli Avenue, Nairobi, zimejaa, watu wananunua kwa sababu ni bei ya chini, halafu wanarudi kuuliza mbona haipigi. Hata ukitafutia amp, nyingi ya hizo ni omu 3 (kipimo cha ukinzani wa umeme), na amp nyingi za bei rahisi zinataka omu 4 kwenda juu, inachemka hadi inakufa. Ukijumlisha amp na kichujio cha besi utakuwa umepita hiyo 260.

Mimi nakaa bedsitter, yangu ni inchi 8 ya kujitegemea kama hiyo ya pili. Iko sawa kabisa.

Fundi_Redio
Luthuli kasema kweli. Hiyo ya pili ndiyo mali. Kuunga ni hivi: nunua kigawanyo cha kutoka tundu la hedifoni la laptop, mdomo mmoja uende kwenye spika zako, wa pili kwenye RCA za sabufa. Weka sauti ya spika mahali pamoja usiiguse tena, weka ya sabufa ilingane nayo, kuanzia hapo unapandisha na kushusha kwenye laptop tu.

Usiunge sabufa kwa bluetooth huku spika ziko kwenye waya. Bluetooth inachelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwenye amapiano utasikia besi inakuja nyuma ya ngoma kama mlevi anayefuata msiba.

Vile vitufe viwili, kimoja ni sauti, cha pili ni krosova, yaani sabufa iishie wapi juu. Kwa koni zako za inchi 4 anza kwenye Hz 100, shuka polepole kuelekea 80 mpaka usijue besi inatokea kona gani. Kukiwa na swichi ya fezi, 0 na 180, inayogeuza koni ianze kwa kusukuma au kwa kuvuta, kaa unapokaa siku zote, mwambie mtu aibonyeze huku na huku. Chagua upande wenye besi nene zaidi. Basi.

Binti_Tabata
Na iwekwe wapi? Yangu niliambiwa kona, ikawa inanguruma kama genereta.

Fundi_Redio
Kona inaongeza besi kuliko mahali pengine popote chumbani, na inaiamsha mingurumo yote niliyotaja. Fanya hivi dada: iweke sabufa pale pale unapokaa kusikiliza, juu ya kiti au kitandani. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, sio ngoma tupu. Kisha wewe uzunguke chumba kwa magoti, kichwa usawa wa chini, ukipita pembeni mwa kuta. Kuna mahali noti zote zitasikika karibu sawa, hakuna inayovimba wala kupotea. Hapo ndipo sabufa ikae. Funga mlango kwanza, maana anayekuona atafikiri umepoteza pete.

Mama_wa_Vyumba_Vinne
Mimi ni mwenye nyumba, ngoja niwaambie upande wa pili. Wimbo siusikii. Mwimbaji simsikii. Kinachonifikia ni du, du, du, saa tano usiku, na kioo cha kabati kinajibu. Ukuta unazuia vyote vizuri, ukiacha hicho. Mwanangu, mpangaji wangu angekuja kuniuliza "mama, hapa inasikika?" nisingekuwa na neno.

Mpangaji_Sinza
Shikamoo mama. Nimekuelewa. Nitapiga wimbo, niende kusimama sebuleni kwa mwenye nyumba wangu nisikilize mwenyewe, tukubaliane alama ya mwisho. Je, nikiiweka juu ya godoro la sponji itasaidia?

Fundi_Redio
Kwenye ghorofa yenye sakafu ya mbao ingesaidia. Wewe uko chini, zege juu ya udongo, kinachopita ukutani kinapitia hewani. Sponji itazuia sabufa isitembee, si zaidi. Kinachosaidia ni kuiweka mbali na ule ukuta wa mama na karibu na wewe. Ikiwa karibu nawe hutahitaji kuipandisha. Na kuna vitu vitakavyolialia: slaidi ya dirisha, mlango wa kabati, bomba la pazia. Vibanishe kwa karatasi iliyokunjwa. Watu wengi hulaumu sabufa kumbe ni dirisha.

Luthuli_Sound
Ukienda kuijaribu beba laptop yako na nyimbo zako. Muuzaji atakuwekea ile track yake ya besi ambayo hata ndoo ingepiga vizuri. Tochi pia: mulika ule mpira unaozunguka koni, kama umeanza kupasuka au unamomonyoka ukiugusa, shika njia. Bonyeza koni pole pole kwa vidole pande zote mbili, ukisikia inakwaruza, koili imeguswa.

Fundi_Redio
Na ukisikia mvumo "mmmm" bila wimbo wowote, chomoa chaja ya laptop kwanza kabla ya kuikataa. Mvumo ukikata, kosa ni la chaja na kuunganisha ardhi, sabufa haina shida. Ikiendelea na laptop imechomolewa kabisa, hiyo irudishe ilipotoka. Bakisha pia hela ya kifaa cha kulinda umeme, hata kile cha kawaida cha TV, maana umeme ukirudi na kishindo kinachoungua kwanza ni saketi ya pawa.

Mpangaji_Sinza
Nimetoka huko saa hizi. Koni nzima, mpira mzima, kibandiko kinasema inakula wati 110. Ilivuma, nikachomoa chaja, ikanyamaza. Gitaa la besi nimelisikia likitembea noti kwa noti. Ameshuka mpaka 240,000, ila anasema rimoti haipo.

Binti_Tabata
Rimoti ya nini na laptop iko mbele yako? Lipa uondoke kabla hajabadili mawazo.

Mziki_Mnene
Mwambie akuongezee ile ya 120,000 kwa bei ya kutupa, mimi nitaichukua.