Kikokotoo kinaleta 1.5 × 10⁸, kitabu kinasema 1.5 × 10¹⁶

mzizi_wa_mbili
Wakuu, hesabu ni hii: (4.5 × 10¹²) ÷ (3 × 10⁻⁴). Kitabu kinatoa 1.5 × 10¹⁶. Kwenye kikokotoo nabonyeza 4.5 × 10 ^ 12 ÷ 3 × 10 ^ −4, kinaleta 150000000, yaani 1.5 × 10⁸. Nikirudia, ni lile lile. Halafu 0.00052 inaandikwa 5.2 × 10⁻⁴. Ina sifuri tatu baada ya nukta, mbona kipeo (ile namba ndogo juu ya 10) ni −4 na si −3?

kumi_kwa_kumi
Kikokotoo kimefanya ulichokiamuru. Kuzidisha na kugawanya vina daraja moja, kwa hiyo kinatoka kushoto kwenda kulia: 4.5 × 10¹² gawanya kwa 3, kisha *zidisha* kwa 10⁻⁴. Ile 10⁻⁴ ilitakiwa ikae chini ya mstari pamoja na 3, wewe umeiacha juu. Ndiyo maana jibu limekuwa dogo mara 10⁸ kamili.

Dawa ni mabano, au kitufe cha EXP (kwingine EE au ×10ˣ), kinachoifunga namba nzima kuwa kitu kimoja: 4.5 EXP 12 ÷ 3 EXP (−) 4. Usibonyeze "× 10" kabla ya EXP. Hiyo 10 tayari imo ndani. Ukiirudia, 6 × 10 EXP 23 inakuwa 6 × 10²⁴. Alama ya hasi nayo itoke kwenye kitufe cha (−), maana baadhi ya vikokotoo hukataa kile cha kutoa.

Kwa kichwa: 4.5 ÷ 3 = 1.5, na vipeo 12 − (−4) = 16.

nukta_inayotembea
Usihesabu sifuri, hesabu hatua za nukta. Toka 0.00052 mpaka 5.2 nukta inaruka tarakimu nne: sifuri tatu na ile 5 yenyewe, kwa kuwa lazima isimame nyuma ya 5. Ikienda kulia kipeo ni hasi, kushoto chanya. Ukisahau upande, tazama ukubwa wa kitu: tungamo ya elektroni ni 9.11 × 10⁻³¹ kg, ya Dunia 5.97 × 10²⁴ kg.

Namba ya mbele ianzie 1, isifike 10. Ukipata 0.36 × 10⁵, thamani ni sahihi ila haijakaa sawa. 0.36 ikikuzwa mara kumi, kipeo kinashuka kimoja: 3.6 × 10⁴. Hapa wengi hupandisha vyote viwili.

mzizi_wa_mbili
Kwa mabano limetoka. Na kwenye kujumlisha, vipeo navyo vinajumlishwa?

kumi_kwa_kumi
Hapana, hiyo ni ya kuzidisha. Fanya vipeo vilingane kwanza: 3.2 × 10⁵ + 4.1 × 10⁴ = (3.2 + 0.41) × 10⁵ = 3.61 × 10⁵.

safu_B
Kwa wa lahajedwali: 6.02E+23 ni 6.02 × 10²³ hiyo hiyo. Balaa liko kwenye namba ndefu za utambulisho. Excel hutunza tarakimu 15 tu. Ukibandika namba ya tarakimu 16, ya mwisho inageuka 0, na kubadili mwonekano wa seli baadaye hakuirudishi. Ifanye seli iwe ya maandishi *kabla* ya kubandika.